Wekundu Chini ya Kibao

Kwenye karakana ya magitaa pale Matsumoto, alikofanya kazi miaka thelathini na mmoja, Hisae Momose aliogopwa kwa jambo moja tu: macho yake. Kazi yake ilikuwa kuchagua vibao, zile plastiki nyembamba zinazofungwa chini ya nyuzi ili kucha za mpigaji zisikwaruze rangi. Gitaa la besi la samawati alilipa kibao cha rangi ya gamba la kasa, la njano akalipa cheusi, na ole wake aliyembishia.

"Mama Momose, nyeupe ni nyeupe!" wapaka rangi walimlalamikia siku aliyorudisha vibao arobaini.

"Hii ni nyeupe ya hospitali. Mimi nataka ya maziwa. Nendeni mkanywe maziwa kwanza, ndipo mje tubishane."

Nyumbani, hata hivyo, macho hayo hayakumfaa kitu. Besi ya mwanawe Tomoharu ilisimama dirishani mwaka wa tisa sasa, haina kibao. Wiki ile aliyokufa kwa ajali ya pikipiki, Tomoharu alikuwa amefungua kibao cha zamani kilichopasuka, akakitupa. "Nichagulie kingine, Mama," alimwambia. "Ila usinibandike hayo magamba yako ya kasa, nitaonekana mzee." Ilikuwa kazi ya dakika tano. Hisae hakuifanya. Alijua akishakaza skrubu ya mwisho, hakuna kitu tena duniani ambacho mwanawe atakuwa anakisubiri kutoka kwake.

Na mara nyingine alihisi kweli anasubiriwa. Akiongea mle chumbani, nyuzi za besi zilivuma zenyewe, chini kwa chini. Fundi yeyote angekwambia kwamba nyuzi huitikia sauti. Hisae mwenyewe alikuwa amewaeleza hivyo wageni wa karakana mara mia. Lakini nyumbani alinyamaza katikati ya maneno, akangoja. Kuna siku alihamia jikoni kula chakula kwa woga, kisha akarudi kwa aibu ya kumkimbia mtoto wake.

Agosti hii, siku ya kuwapokea marehemu, alikuwa ameshachoma magome ya mti mlangoni ili roho zione njia, alipofika Chinatsu, aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya Tomoharu. Siku hizi anapiga besi.

"Mama Tomo, naomba besi yake nikaipige keshokutwa, tunamkumbuka. Nitairudisha, naapa."

"Haina kibao, binti yangu. Utaikwaruza."

"Si uiwekee! Fundi ni nani hapa? Au unamngoja yeye aje achague?" Chinatsu akashtushwa na maneno yake mwenyewe, akaziba mdomo.

Hisae hakukasirika. Aliilaza besi mezani, mchana kweupe, akaitazama kwa mara ya kwanza kama kazi. Tomoharu alipokifungua kibao cha zamani, mahali kilipokuwa kimekaa palikuwa pekundu kama tofaa, kwa kuwa jua halikuwahi kupagusa, ilhali sehemu nyingine ilikuwa imepauka. Wekundu ule ndio alioupenda mwanawe dukani akiwa na miaka kumi na saba. Sasa ulionekana kwa shida. Jua la dirishani lilikuwa limeula kidogo kidogo, na aliyeiweka besi pale, ili aione vizuri kila siku, alikuwa yeye.

"Weka kibao cha plastiki angavu kama kioo," Chinatsu alisema polepole. "Utaendelea kuuona."

Hisae alikuwa nacho kwenye sanduku. Akakipachika, na wekundu uliobaki ukaonekana chini yake. Alikaa akiutazama mpaka chai ikapoa.

"Hiki kinapitisha jua," akasema, akakitoa.

Akachukua cheusi. Hakikupendeza, juu ya rangi ile iliyopauka kilikaa kizito, na karakanani angemfokea aliyekileta. Lakini mwanga haukupenya. Akaweka kiganja juu ya wekundu uliobaki, akauaga kwa sauti, bila kumwonea haya mgeni. Kisha akafunika. Skrubu tisa alizikaza mwenyewe. Kwa ile ya kumi akamsukumia Chinatsu bisibisi.

"Kaza wewe," alisema. "Mimi siwezi kumfunika mwanangu mara ya pili."