Povu Haikutoka Mbele ya Bakubwa

Nitasema aibu yangu mi mwenyewe, kabla batu ba Dilala, mutaa yetu, hawajaitia chumvi: kweli, nililala usingizi juu ya bega ya directeur, mukubwa wa kazi, mate inashuka ku shati yake nyeupe, na wakati alinisukuma nilimwambia, "Mama, niache kidogo."

Mi ni mutu wa povu. Miaka mingi nilisimama ku mabeseni ya usine ya zamani: jiwe inasagwa, inatiwa mu maji pamoja na dawa, hewa inapulizwa, povu inapanda na kubeba shaba juu. (Masomo sikuendelea, lakini povu naisoma kwa macho.) Basi usine moja mupya ikatafuta chef wa povu, na kila mwenye kutaka ile kazi aonyeshe ufundi wake mu labo, chumba ya kupimia dawa, mbele ya directeur. Ku nyumba walikuwa banaomba Mungu, juu tangu ile usine ya zamani ilifungwa sikupata kazi ingine.

Dawa yao ya povu ilikuwa imekwisha. Ilunga, ingénieur wa chimie, akaniandikia ku karatasi: C4H10O. Jina hakuandika. "Tata Kyungu, leta hii tu," alisema, macho ku telefone yake. Nikaenda kwa Mwepu, mwenye kuuzisha bitu bya labo bya zamani. Akatoa chupa, etikete imepasuka, jina imeenda, herufi na namba za hesabu tu ndizo zilibaki. Nikaweka karatasi pembeni: C na C, ine na ine, kumi na kumi, O na O.

"Njo yenyewe, tata," Mwepu alisema. "Unataka ikuimbie?"

Ilikuwa inanuka sawa hospitali, lakini mi nani, nibishane na hesabu ya ingénieur?

Mu labo madirisha yalifungwa juu vumbi isiingie. Nikamwanga dawa kidogo mu beseni ya jiwe ya kusagwa, nikafungula hewa. Maji inarukaruka, povu hakuna. Nikaongeza.

"Povu iko wapi?" directeur akauliza.

"Inakuya, patron."

Nikamwanga yote, nikainamisha uso ndani kuitafuta, naye akainama pembeni yangu, na hapo beseni zikawa mbili, ma-directeur batatu, Ilunga anacheka, mi pia nacheka, sijui juu ya nini, kisha ile bega ikakuya karibu.

Balinibeba inje, batu bote ba labo banacheka. Wakati hewa ilinirudia, Ilunga akanieleza: "Tata, mu zote mbili kuna kaboni ine, hidrojeni kumi, oksijeni moja. Mu butanol oksijeni iko ku mwisho, imeshika hidrojeni: ni alkoli, inaleta povu. Mu hii yako oksijeni iko katikati, kaboni mbili huku, mbili huku: ni eteri, ile ya kulalisha bagonjwa."

"Bitu bile bile?"

"Bile bile. Bimepangwa tofauti."

Mpaka leo kichwa inazunguka. Kwa matofali ile ile mutu anajenga nyumba na mwenzake anajenga choo, sawa. Sasa ukitaka nyumba, unanituma na hesabu ya matofali?

Kazi alipewa mwingine. Mwepu, chupa bila jina sitanunua tena kwako, hata ya maji. Lakini we Ilunga, ulijua dawa za ile hesabu ziko mbili, na directeur ukamwambia, "Muzee hajui dawa." Rudi kwake, mbele ya bale bote balicheka, useme nani aliacha kuandika jina. Ni mi, ao ni we?