Kata Yenye Wasio na Kazi Kumi na Wanne

Ofisini tulimwita Taratibu, naye aliitika bila kununa. Alikuwa karani wa takwimu katika ofisi ya kazi ya wilaya, na kwa miaka kumi na tisa meza zetu zilitazamana: yeye akileta fomu, mimi nikizichapa. Ukimtuma nyumba ishirini anarudi na nane, maana kila nyumba lazima akae, aulize hali ya mgonjwa, asikilize mpaka mwisho. Nilimsema sana kwa hilo, tena mbele za watu, na ulimi wangu mnaujua.

Mwaka ule mkoa ulikuwa ukiandaa mpango wa miaka mitano wa huduma za ajira na mafunzo ya ufundi. Kila mtu mzima ahesabiwe: ana kazi, anajishughulisha, au hana kazi. Visanduku vitatu, unatia alama kwenye kimoja. Kwa hesabu hizo mkoa ungeamua vituo vya mafunzo vibaki wapi na vifungwe wapi.

Kata yetu ilikuwa na kituo kimoja, vyumba viwili vya mabati nyuma ya stendi. Mdogo wake Taratibu, wa kike, aliyemwaga unga kiwanda cha nguo kilipofungwa, alijifunza pale ufundi wa majokofu. Alfajiri alimwogesha mama yao aliyepooza upande mmoja, akamlisha, kisha akatembea dakika kumi hadi darasani. Alibakiza miezi sita apate cheti. Jokofu la ofisi yetu, ambalo kwa miaka mitatu tuliligeuza kabati la mafaili, alilifufua yeye kwa siku moja.

"Mwenzangu," aliniambia akifuta mikono, "nikishika bisibisi nasahau kama nina miaka arobaini na mbili."

Basi Taratibu akaenda kuhesabu. Na huko alikutana na wale wale wa kiwandani. Aliyekuwa fundi mkuu wa mitambo alikuwa amekaa kibarazani, redio mapajani imefunguliwa vipande vipande, wanawe wamemzunguka. "Andika natengeneza redio," akasema. Redio yenyewe ilikuwa yake. Taratibu akatia alama kwenye kujishughulisha. Nyumba ya pili mama mmoja ana kuku wawili, akaandikwa mfugaji. Nilipochapa fomu zile nilicheka mpaka chozi likanitoka.

"Kaka, hii kata yetu au kwa matajiri?"

"Dada, mtu kiwanda kimeshamvunja. Na mimi nikamvunje mbele ya wanawe?"

Nikachapa. Ningeweza kumwambia hesabu zile zinakwenda wapi. Nilijua, na yeye alijua, ila kila fomu peke yake ilionekana ndogo.

Mpango uliposomwa ukumbini, mtaalamu wa mipango kutoka mkoani, mwanamama mpole mwenye miwani, alifika kwenye kata yetu: wasio na kazi, kumi na wanne. Kituo kihamishiwe kule kwenye kiwanda cha saruji, mwendo wa saa tatu kwa basi. Taratibu alisimama.

"Mheshimiwa, hesabu hiyo si sahihi. Niliiandika mimi."

"Unasema uliandika uongo?"

"Niliwasitiri."

Mwanamama alivua miwani. "Mzee wangu, mimi napanga kwa kilichoandikwa. Na huu umeshapitishwa. Tutaupitia tena baada ya miaka miwili." Nilitaka kumchukia yule mama, nikakosa pa kuanzia.

Nilimsindikiza nyumbani, maana alikuwa hajiwezi. Mdogo wake alikuwa ameketi kitandani kwa mama yao, akimkata kucha. Taratibu alijikaza akamweleza yote, kituo, hesabu, visanduku, kwamba yeye dada mtu asingeweza kumwacha mama na kusafiri mwendo wa saa tatu kila siku, kana kwamba mwenyewe halijui hilo. Dada wa watu alimsikiliza bila kuinua uso. Alimaliza kidole alichokishika, akahamia kingine.

"Na mimi uliniandika wapi?"

Mimi nilitazama chini. Fomu yake niliichapa kwa vidole hivi. Kaka yake aliijaza pale pale mezani, mbele yangu, bila kurudi nyumbani kuuliza.

"Kwenye kujishughulisha," Taratibu akasema. "Kumuuguza mama."

Mama yao aligeuza macho kumtazama mwanawe. Kusema hawezi, lakini kusikia anasikia. Roho iliniuma, nikatamani nisingeingia chumba kile.

"Ungeniuliza, kaka," dada alisema, sauti yake ya kawaida kabisa. "Ningekwambia sina kazi. Mimi sikuwa naona haya."