Modem Mbili na Mikono ya Mzee Yusufu

Siku yangu ya kwanza kazini, Shefu wa Ufundi alinipa mkanda wa kupandia nguzo. Ulikuwa umetengenezwa kwa kiuno cha mwanaume. Kwangu uliteleza mpaka magotini. Kikosi kizima kilicheka. Shefu hakucheka. Alitafuta msumari na nyundo, akautoboa tundu jipya, akanirudishia.

"Sasa panda, Konsolata," akasema. "Kule juu, waya haiulize kama we ni mwanamuke."

Nikapanda. Miaka hiyo kampuni yetu ilileta televisheni tu majumbani, kwa waya wa koaksia, ule mnene wenye uzi wa shaba katikati. Nilianzia nguzo za mtaa wa Buyenzi, nikahamishiwa ofisi za mawakala wa mizigo pale bandarini, ambako unyevu wa ziwa ulikula vichwa vya waya, vile vya chuma vinavyokazwa kwenye ncha, kila masika. Baadaye waya ule ule ulianza kubeba intaneti. Ndipo ilipokuja modem, kisanduku kinachopokea mawimbi ya waya na kuyageuza kuwa intaneti ya nyumbani. Shefu akanipeleka karakana yetu ya Kinanira, kwenye chumba cha majaribio. Vijana mnaoanza kazi hii leo, hapo ndipo nilipojifunza nitakayowaambia.

Kampuni ilitaka kuchagua modem ya aina moja kwa wateja wote. Tulikuwa tumebakiza mbili, nyeusi na nyeupe. Mezani, nyeusi iliiacha nyeupe mbali sana. Filamu zilishuka kama maji. Directrice wa Biashara, mkurugenzi wetu wa mauzo, mama mwerevu aliyewajua wateja wake, alishaagiza mabango yake yachorwe yakiwa na picha ya nyeusi.

"Konsolata," aliniambia, "watu wanauliza kitu kimoja tu: iko na vitesse gani, inakimbia namna gani? Hii nyeusi inajibu."

"Ndiyo, Madame. Lakini bado haijalala nyumbani kwa mutu."

Hiyo ilikuwa sheria ya Shefu: modem haimalizi mtihani mpaka ipimwe pale itakapoishi. Nikaibeba mpaka Buyenzi, kwa Mzee Yusufu, fundi cherehani. Mzee Yusufu ni kiziwi tangu utoto. Anaongea kwa mikono, na mke wake, Mama Zaina, hututafsiria. Binti yao Zaina anaishi Ulaya. Alikuwa karibu kuolewa huko, na baba alitakiwa kumpa ndugu yake aliyeko huko wakala, yaani ruhusa ya kumwozesha binti kwa niaba yake. Shehe wa huko alitaka yeye na mashahidi wamwone mzee mwenyewe akitoa ruhusa hiyo, kwa video, Ijumaa baada ya swala.

Nilifunga nyeusi, nikapima kwa kompyuta iliyounganishwa kwa waya, maana Wi-Fi inaweza kukudanganya. Kasi ilikuwa nzuri ajabu. Mzee akampigia Zaina. Uso wa binti ulikuja safi kabisa, lakini muda si mrefu akakunja uso.

"Mama, mikono ya baba imesimama," alisema. "Naona kidole kimoja tu, hakisogei."

Mama Zaina akanigeukia. "Mi nilimwambia nitasema mu nafasi yake. Alikataa. Anasema binti ni wake, na mikono ni yake."

Nilibadilisha kitu kimoja kimoja, ndivyo mtu anavyopima. Nilikata vichwa vya waya nikaweka vipya. Niliondoa kigawanyo, kile kidude kinachougawa waya kati ya televisheni na modem. Mikono ikaendelea kuganda. Kisha gereji ya jirani ikaacha kuchomelea vyuma kwa muda, na mikono ikatembea. Walipowasha tena, ikaganda.

Hapo nikaelewa. Intaneti ina kasi mbili: ya kushusha, vinavyoingia nyumbani, na ya kupandisha, vinavyotoka. Nyeusi ilikuwa na njia nyingi za kushusha na moja tu ya kupandisha. Makelele ya umeme kutoka gereji yaliingia kwenye waya yakaiziba njia hiyo. Uso wa Zaina ulifika; mikono ya baba haikutoka. Nyeupe ilishusha polepole zaidi, lakini ilikuwa na njia kadhaa za kupandisha. Moja ikichafuka, nyingine zinabeba.

Nilirudi Kinanira nikamweleza Shefu na Directrice. Directrice alitazama mchoro wa bango lake.

"Unataka niache ile ya mbio, nichukue ile ya pole?"

"Nataka Madame akuje aone mwenyewe, Ijumaa."

"Na nyeupe ikikwama mbele ya shehe wa watu?"

"Nitakwama nayo," nikasema.

Alikuja. Alivua viatu mlangoni, akaketi mkekani pamoja na majirani, nami nikafunga nyeupe. Mzee Yusufu alivaa kanzu nyeupe aliyojishonea. Gereji ilichomelea tangu mwanzo, wala sikuwaomba wanyamaze. Shehe alimuuliza kwa upole, Zaina akayageuza maneno kuwa ishara. Mzee akainua mikono, akajibu bila haraka, kila ishara mpaka mwisho wake. Tulisubiri. Kisha tukasikia sauti ya shehe: "Tumeona. Mashahidi wote wameona." Mama Zaina akapiga vigelegele, na Directrice akafuta macho kwa mgongo wa mkono.

Njiani kurudi aliniuliza, "Sasa kwenye bango niandike nini?"

"Andika kwamba mutu atakuona vile na we unamuona."

Akayaandika. Nyeupe ndiyo iliyoingia majumbani, na mafundi wengi wa mji huu wamejifunza kazi wakiifunga.

Nimestaafu sasa. Wenye nyumba bado hunisimamisha njiani wakiniuliza wanunue modem gani, nami huwauliza kwanza wanataka kumtumia nani nini. Siku ya kuagwa, Mkurugenzi Mkuu alisoma vyeo vyangu vyote, nikavipokea kwa furaha. Lakini viziwi wa Buyenzi wana desturi ya kumpa jina la ishara mtu wao, na mimi Mzee Yusufu alinipa langu: kidole gumba na cha shahada vikizunguka, kama vinavyokaza kichwa cha waya. Nikipita mtaani, watu nisiowajua kabisa huniita hivyo kutoka ng'ambo ya barabara. Nami hugeuka.