Okeny na Pumzi Isiyotetemeka

Saa mbili asubuhi, uwanja wa nyuma wa kambi ya polisi. Santo Okeny ameketi juu ya kreti tupu la soda, macho kafumba, tarumbeta mapajani, midomo ikicheza kidogo. Ukimwona utadhani anasali rozari. Kumbe anamtakia heri adui yake!

Adui mwenyewe hayuko mbali. Ni Koplo Taban, pale ukutani, anajaribu tarumbeta lake.

Leo ni leo. Inspekta Oryem, mkuu wa bendi, anachagua mpigaji wa mbele kwa gwaride la Jumamosi. Okeny akishindwa, atarudi kwenye kazi aliyopewa tangu mwaka jana, 1973: kusugua vyombo vya muziki vya wenzake kwa kitambaa.

Kiti cha mbele kilikuwa chake. Kisha siku moja sauti ikamkatikia katikati ya gwaride, mbele ya wakubwa, na siku hizi kukosea mbele ya wakubwa si mchezo. Taban alicheka waziwazi, akapewa kiti. Tangu hapo, kila Okeny alipoweka tarumbeta mdomoni, pumzi ilitetemeka.

"Nilimchukia, jamani!" Okeny ananisimulia. "Akikaa karibu, hata chai haishuki."

Aliyemwokoa ni Bwana Jayasena, Mbudha kutoka Sri Lanka anayefundisha hesabu katika chuo cha Kyambogo. Bendi ilipokwenda kupiga chuoni, alimwona mwanamuziki anayesugua tu, akamuuliza kulikoni. Akamshauri aanze na metta, neno la dini yake, maana yake upendo wa kuwatakia wote mema.

Okeny anashika mbavu kwa kicheko. "Mimi nasikia meta! Nikasugua tarumbeta wiki nzima, mpaka naona meno yangu ndani. Nikarudi: Mwalimu, imemeta, lakini pumzi bado! Yeye akacheka mpaka miwani ikaanguka."

Hapo ndipo mafunzo yalipoanza kweli. Kuketi, kufuata pumzi, na akili ikitoroka kuirudisha bila kuigombeza. Kisha kutakia heri: kwanza nafsi yake, halafu mama yake, halafu muuza samaki wa Bukoto asiyemjua hata jina. Mwisho, Taban.

"Huyo alinikwama kooni kama mwiba. Nikisema awe salama, moyo unasema aanguke! Nikarudia, nikarudia. Siku moja furaha ikanipanda kifuani, nikacheka peke yangu. Mke wangu Laker akaniuliza, wewe una nini? Na mimi Mkatoliki, Jumapili niko kanisani Lubaga. Mwalimu hajaniambia niache."

Inspekta anawaita wote wawili. Amri yake ni fupi: mlio mmoja mrefu, wapokezane, na atakayeukata yuko nje. Anawapa mgongo ili ahukumu kwa masikio tu.

Okeny anaanza. Sauti inatoka imenyooka, haina hata mkunjo, wapishi wanaacha masufuria na kuja kuchungulia. Taban anapokea. Lahaula! Katikati inaanza kuyumba, jasho linamchuruzika. Okeny akinyamaza tu, kiti ni chake.

Hanyamazi. Anaingia kabla ya zamu yake, anaziba pengo, anashikilia mpaka mwenzake anapata pumzi.

"Safi sana," Inspekta anasema, akigeuka. "Sijasikia mkato."

Taban ameinamisha kichwa. "Afande, pale katikati si mimi. Okeny amenibeba."

Inspekta anamtazama huyu, anamtazama yule, kisha anaangua kicheko. "Basi kaeni mbele wote wawili!"

Vigelegele! Wapishi wanagonga masufuria, Okeny anarukaruka na buti zake kama mtoto. Namuuliza kwa nini hakumwacha Taban aanguke.

"Nilimwona anatetemeka," anajibu, machozi yakimlengalenga. "Mtetemeko ule naujua. Ulikuwa wangu."

Na Jumamosi je? "Namwombea Taban apige vizuri kuliko mimi." Anakuna kichwa, anatabasamu. "Lakini asizidishe sana, jamani."