Kompyuta ya Kituo na Safari Yangu ya Geita

Kompyuta ya kituo chetu cha walimu mjini Shinyanga ilikaa katika chumba ambacho mtu hakuingia na viatu. Hapakuwa na kanuni iliyoandikwa kuhusu jambo hilo. Aliyeileta alisema tu kwamba mashine haipendi vumbi, nasi tulioishi katika mji ambao vumbi lake huingia hata ndani ya saa ya mkononi tuliona kwamba kuvua viatu mlangoni ndiyo njia pekee ya kuonyesha nia njema. Mkuu wa kituo alivua. Mlinzi alivua, ingawa hakuwa na ruhusa ya kuingia. Mashine yenyewe ilifunikwa kwa kitambaa cheupe cha kufuma chenye tausi wawili, ambacho katibu muhtasi wetu alikiondoa kwenye kochi la sebuleni kwake.

Katibu muhtasi huyo alikuwa na sababu kubwa kuliko sisi sote ya kuitakia mashine ile afya. Alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa vijiji vya Kahama, aliyepiga taipureta kwa miaka mingi na kisha akapelekwa Mwanza kwa wiki mbili kujifunza kompyuta. Aliporudi aliwekwa katika kipindi cha majaribio. Mkuu wa kituo aliiamini taipureta, kwa kuwa aliisikia akiwa ofisini kwake na hivyo kujua kwamba kazi inafanyika. Alimpa mama sharti moja: orodha za watahiniwa wa mtihani wa majaribio wa shule za Geita na Buseresere, ambazo tayari zilikuwa ndani ya kompyuta, zichapwe kabla lori halijaondoka Alhamisi saa kumi alasiri. Zikitoka, atathibitishwa kazini. Zisipotoka, mashine itarudishwa ilikotoka, naye atarudi masjala kubandika stempu.

Mimi nilikuwa mhariri wa kituo na, kwa barua ya uteuzi, mtunzaji wa kompyuta. Ijumaa iliyotangulia niliizima na kuichomoa ukutani, nikamkabidhi katibu muhtasi ufunguo wa chumba, nikasafiri kwenda Geita kukagua vitabu. Niliporejea kazini Alhamisi asubuhi nilikuta jozi tatu za viatu mlangoni, idadi ambayo katika kituo kidogo kama chetu iliashiria msiba.

“Shikamoo, mwalimu,” alisema katibu muhtasi.

“Marahaba. Kuna nini?”

“Imekufa. Tangu Jumatatu. Nabonyeza, nabonyeza, hata kukohoa haikohoi.”

“Taipureta haijawahi kufa katika ofisi hii,” alisema mkuu, akiwa amesimama na soksi juu ya sakafu ya saruji. “Wanaokufa ni wapigaji.”

“Na ufunguo anao mama peke yake,” aliongeza mlinzi, ambaye hakuwa ameulizwa.

Padre aliyenifundisha mantiki katika seminari alisisitiza kwamba chanzo cha jambo hutafutwa kwa kuanzia nje kwenda ndani, bila kuruka hatua. Nilifuata utaratibu huo. Kwanza soketi ya ukutani: tulichomeka birika la umeme la mkuu, nalo likachemka. Mlinzi akatia majani.

“Umeme upo,” alikiri mkuu, akinywa ushahidi.

Pili waya: niliuchomoa nyuma ya mashine, nikaupuliza, nikaurudisha. Tatu kitufe: kila mmoja wetu alikibonyeza kwa zamu, mkuu mara mbili kwa sababu ya cheo. Nne, kwa idhini ya mkuu, nilifungua kasha. Ndani tulikuta vumbi la Shinyanga, ambalo kwa kuwa halina miguu halikuwa limevua viatu, na kiota cha udongo cha nyigu mmoja aliyekwisha kuhama. Tulikiondoa kwa heshima. Tukabonyeza tena. Kimya.

“Na hii plagi?” aliuliza katibu muhtasi. “Nyumbani pasi ikigoma, tunaangalia plagi.”

Nilimjibu kwamba plagi haikuhitaji kufunguliwa, kwa kuwa mimi mwenyewe niliifunga kwa mkono wangu. Nakumbuka kwamba jibu hilo liliwaridhisha wote, na mimi nikiwa wa kwanza.

Ndipo tukamwita mwenye duka la redio, mzee wa familia ya Kihindi iliyokuwa ikiuza na kutengeneza redio mjini tangu enzi za baba yake. Alivua kandambili, akaizunguka mashine, akainama.

“Mwalimu, mimi fundi ya redio. Hii iko na kioo, iko na vitufe vingi, lakini stesheni iko wapi?”

“Haina stesheni.”

“Basi ndiyo maana haisemi.” Alicheka peke yake. “Saa tisa nitakuja na mita ya kupima umeme. Mita haisemi uongo.”

“Saa tisa,” alisema mkuu, akimgeukia katibu muhtasi na kumwita mama kwa Kisukuma. “Ikishindikana hapo, mayu, uanze kufungasha.”

Saa saba nilikwenda nyumbani kula. Mke wangu alikuwa amesimama mbele ya redio, mkono kiunoni.

“Baba watoto, fyuzi. Matangazo ya vifo yanaanza, na wewe umerudi tangu jana hujairudisha.”

Inanipasa nieleze. Kwa miaka zaidi ya kumi, kila nilipokwenda safari, niliitoa fyuzi ndani ya plagi ya redio na kusafiri nayo, ili redio ipumzike. Wenzangu wenye simu waliziwekea kufuli. Mimi nilikuwa na fyuzi. Niliiweka katika kasha la miwani, na kitendo hicho nilikizoea kiasi kwamba mkono ulikitenda kama unavyofunga kifungo cha shati, bila kuarifu kichwa. Nilifungua kasha la miwani. Ndani yake mlikuwa na fyuzi mbili.

“Ya pili ni ya nini?” aliuliza mke wangu.

Nilimwambia kwamba sijisikii kula.

Njiani niliyapima mambo kwa utulivu. Ningeweza kuirudisha fyuzi kimyakimya. Mashine ingewaka, nasi tungemshukuru Mungu. Lakini mkuu angeandika kwamba katibu muhtasi alishindwa kwa siku tatu kuwasha mashine nzima. Ningeweza pia kungoja saa tisa. Mita ingegundua plagi tupu, haingemtaja msafiri, na ufunguo alikuwa nao mama peke yake. Sikuona njia ya tatu ambayo haikupitia kwangu.

Chumba hakikuwa kitupu kama nilivyotarajia. Katibu muhtasi alikuwa amekaa kando ya mashine, anatafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kutoka kwenye karatasi. Vitu vyake, kikombe, sweta na kalenda, vilikuwa tayari kwenye kikapu. Kitambaa cha tausi alikuwa amekikunja juu yake.

“Mwalimu, umesahau kitu?”

“Nimekumbuka kitu.”

Nilifungua plagi kwa bisibisi, nikatoa fyuzi kutoka kwenye kasha la miwani, nikaiweka mahali pake mbele ya macho yake. Aliacha kutafuna.

“Ilikuwa wapi?”

“Geita.”

Aliikunja karatasi ya michembe, akaiweka kikapuni.

“Mimi nimefunga siku mbili kwa ajili ya mashine hii,” alisema. “Jumanne na Jumatano. Sijala mchana. Namwomba Mungu aiguse. Kumbe Mungu ananisikiliza tu, anajiuliza, huyu mama, mbona fyuzi iko Geita?”

“Nisamehe, mama.”

“Shikamoo, mwalimu,” alisema tena, ingawa tulikwisha kusalimiana asubuhi, na safari hii akasubiri hadi nikaitikia. Kisha akabonyeza. Mashine ikanguruma, kioo kikapata nuru. Hakushangilia. Alitia karatasi kwenye printa. “Mimi nina orodha za kuchapa. Wewe nenda kwa mkubwa. Kwa mdomo wako.”

Nilikwenda. Mkuu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo ambalo sikuwa nimejiandaa nalo.

“Fyuzi hiyo ni mali ya kituo?”

“Ndiyo.”

“Na ulikuwa na kibali cha kuitoa nje ya mkoa?”

Sikuwa nacho. Saa tisa mwenye duka la redio alikuja na mita yake. Ili asiwe amekuja bure tulimruhusu aipime soketi, akatuthibitishia kwamba umeme upo. Printa ilikuwa ikipiga kelele kiasi kwamba mkuu, ofisini kwake, alijua kazi inafanyika. Orodha zilipakiwa lorini saa kumi kasoro dakika kumi.

Jumatatu katibu muhtasi aliniletea barua mbili, zote amezichapa mwenyewe kwa mashine ile kwa maelekezo ya mkuu. Moja ilimthibitisha kazini. Nyingine ilinionya mimi, kwa aya tatu, juu ya kusafiri na mali ya kituo bila kibali. Aliniomba, nikiwa mhariri, nizikague kabla hazijatiwa saini. Nilizisoma polepole. Hazikuwa na kosa hata moja, nami nikamwambia hivyo.