Chupa ya Mwalimu Banza

Bwana yangu Banza alikuwa mwalimu wa sayansi hapa Kalemie, wakati wa Zaire. Muntu mupole, lakini kichwa ngumu, mama we! Kila siku kwenye ugali njo mahubiri: chuma cha damu yetu kilipikwa ndani ya nyota, dunia haijakuwa bado, uzima nao pengine ulianzia majini, radi ikipigapiga. "Mujinga, hata wewe ni vumbi la nyota." Namujibu, "Nyota gani inasugua masufuria?"

Siku moja akaita wanafunzi kwetu waone namna uzima ulivyoanza. Akatia chupani maji ya ziwa na amoniaki, ile dawa inayochoma pua mpaka machozi, akaunga waya na batri ya gari. Cheche zikaruka ndani. Maji yakageuka rangi ya chai, kwa kutu ya waya. Wee! Mtaa mzima ukasema mwalimu anafuga radi.

Wiki ile ile radi ikapiga kwa jirani yetu Ramazani. Mbuzi zikafa, mke wake Mwavita akabaki bila sauti. Watu wakatujia na mapanga na petroli.

"Papa Banza," Ramazani akasema, analia, "mwenye kupika pombe anaonja kwanza. Kama chupa yako haina ubaya, kunywa. Ukikataa, tunachoma nyumba na wewe ndani."

Bwana yangu akaileta chupa. Amoniaki ingemuunguza koo mpaka tumboni. Hakujua kwamba asubuhi ile, kwa kuogopa radi, nilikuwa nimemwaga yote chooni, na kwa kumuogopa yeye, nikajaza chai baridi. Kumwambia mbele ya watu sikuweza; wangesema tumeficha dawa.

Akafungua kizibo. Akanusa. Harufu hakuna. Akanitazama, macho yamemutoka.

"Kunywa, Papa Banza," nikasema.

Akanywa yote. Tukangoja. Hakuanguka. Mmoja mmoja wakaondoka, na Ramazani akachukua petroli yake.

Nikamukumbatia, nalia. "Ulijua nilibadilisha?"

"Nilijua umebadilisha. Umeweka nini, sikujua."

Toka siku ile, nikimupa chai, anarudisha kikombe mkononi mwangu. Lazima nionje kwanza.