Mstari Mwekundu

Juzi, hapa Kibaha, mjukuu wangu alipaka rangi nyekundu ya kucha kwenye kijiti cha kupimia oili ya gari langu dogo. "Babu, sasa hutahangaika kuitafuta alama." Harufu ile ikanirudisha utotoni, kijijini Maneromango.

Baba alifanya vivyo hivyo kwenye kigari chake, kwa rangi ya kucha ya mama. Oili isipofika kwenye mstari, hakuna safari. Nilikuwa nikimtazama kinywa wazi, nikiamini mstari ule ndio unaoliamrisha gari.

Alasiri moja tulikuwa twende Kibaha kumchukua mama, aliyekuwa amejifungua huko. Baba akiwa bado amelala, nilichomoa kijiti, nikakuta oili iko chini. Nikaukwangua mstari kwa wembe, nikachora mwingine chini zaidi.

Baba alikuja, akakifuta kijiti, akakichovya, akakiinua juani. "Imefika. Panda, bwana mkubwa, mama yako anatungoja!"

Hatukufika. Injini ilipiga kelele, ikanuka kuungua, ikazima. Baba aliuachia usukani, akasema, "Macho yangu yamekwisha, mwanangu."

Hakuendesha gari tena. Nami nilinyamaza mpaka tukamzika.

"Babu, umeuona mstari?" mjukuu aliniuliza.

"Nimeuona," nilimjibu. "Hata baba yangu aliuona. Macho yake yalikuwa mazima kabisa."